Kabla ya kuvuka Kasumbalesa kwenda kuhudumia watoto

Likizo kubwa ikikaribia, makanisa mengi ya Lubumbashi huanza kukusanya nguo, sabuni na mchango wa basi. Kwaya hii inataka kuvuka mpaka wa Kongo na Zambia pale Kasumbalesa kwenda Kitwe, ile Ndola, kwenye makao ya watoto. Ni jambo jema. Ila maandalizi mengi ninayoyaona huishia kwenye fulana za kikundi na ratiba ya nani atahubiri lini, na yale yanayomgusa mtoto mwenyewe hayana aliyepangiwa.

Anzeni na swali moja: nani amewaita? Kusema "tumetumwa na Mungu" hakutoshi. Lazima awepo mlezi au mchungaji wa kule aliyetaja anachohitaji na siku zinazomfaa. Likizo yetu inaanza Julai, lakini mwaka wa shule wa Zambia huanza Januari, na Julai watoto wa kule bado wako darasani. Kikundi kikifika saa tatu asubuhi na ngoma zake, ama kitakuta uwanja mtupu, ama watoto watatolewa shuleni kuja kutuimbia. Ulizeni pia kama makao yanatambuliwa na Idara ya Ustawi wa Jamii ya Zambia, na muombe kuona hati. Mwenye makao safi hakasiriki akiulizwa.

Kisha ulizeni ni wangapi kati ya watoto hao wana mzazi au ndugu aliye hai. Jibu huwashangaza wengi. Aliyeletwa kama yatima ana bibi mtaa wa pili, au mama aliyeshindwa kulisha watoto wanne. Hapo huduma hubadilika sura: zile pesa za kupaka rangi bweni labda zingemwezesha bibi kukaa na mjukuu wake. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na humo likagusia madhara ya wageni na watu wa kujitolea wanaozunguka kwenye makao. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Mimi naona ni kinyume: kumlea mtoto wa dada yako kulikuwa desturi yetu kabla jengo lolote la yatima halijasimama huku.

Sasa watoto wenyewe. Mnashuka kwenye basi, na mtoto wa miaka minne asiyewajua anakimbia, anakushika mguu, anataka kubebwa, anakuita mama. Kikundi kinalia kwa furaha. Ndugu zangu, mtoto aliyelelewa vizuri humkimbilia mama yake, na kwa mgeni hujificha nyuma ya kitenge. Anayejirusha kwa kila mgeni mara nyingi ni yule aliyeachwa mara nyingi. Mkimbembeleza siku tano halafu mkapotea, mmeongeza jina lenu kwenye orodha ya walioondoka. Kwa hiyo kumlisha, kumwogesha na kumlaza kubaki mikononi mwa walezi wake wa kila siku. Ninyi fueni, pikeni, chimbeni choo, rekebisheni bomba, mumpe mlezi nafasi ya kupumzika. Michezo na nyimbo ziwe uwanjani, mbele ya watu. Na neno "tutarudi" lisitamkwe kama tarehe haijapangwa.

Wasafiri wachujwe. Hati ya mwenendo mwema kutoka komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ni mwanzo tu. Mpigieni simu aliyefanya kazi na mtu huyo kwenye shule ya Jumapili, mumuulize waziwazi kama angemwachia mwanawe. Hakuna mtu mzima kukaa peke yake na mtoto chumbani, hata pasta, hata mama mzee anayeheshimika. Mtoto akimwambia mmoja wenu kwamba anaumizwa, ijulikane kabla ya safari nani wa kuambiwa kule, na nani nje ya makao ikiwa anayeshtakiwa ni mlezi. Adhabu ya viboko nayo isivuke mpaka: sheria ya Zambia ya mwaka 2022 kuhusu watoto imeipiga marufuku kila mahali, nyumbani na shuleni.

Lipo jambo ambalo viongozi wetu hulipita kwa kukohoa, nalo ni maombi ya ukombozi. Mtoto anakojoa kitandani, anaongea peke yake, hacheki. Mwombaji anafunga macho, anatangaza mbele ya wote kwamba ana roho ya uchawi. Kikundi kinarudi Lubumbashi na ushuhuda, mtoto anabaki na jina hilo bwenini. Watoto wangapi wa mitaani hapa kwetu walifukuzwa nyumbani kwa neno kama hilo? Katiba ya Kongo, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inatoa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Anayeona hawezi kujizuia kwenye hili asipande basi. Mwombeeni mtoto kwa upole, na kukojoa kitandani mwachieni muuguzi.

Picha: pigeni jengo, kazi, chakula, ninyi wenyewe. Uso wa mtoto pamoja na historia yake usiende kwenye WhatsApp ya kanisa, hata kama wafadhili wanataka "kuona matunda".

Karatasi za safari ni rahisi kuliko hayo yote. Pasipoti ziangaliwe mapema, masharti ya viza yaulizwe kwenye ubalozi mdogo wa Zambia hapa Lubumbashi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu awe nayo. Chanjo moja sasa inakubaliwa kwa maisha yote. Beba vyandarua. Fikeni Kasumbalesa asubuhi, kabla foleni ya malori ya shaba haijawazidi, na dereva akumbuke kwamba ng'ambo ile gari hupita kushoto.

Kuhusu mizigo, punguzeni nguo. Zambia ina salaula, yaani mitumba, tele sokoni, na marobota yenu yatawachelewesha forodhani. Karo nayo si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani: tangu 2022 shule za serikali kule ni bure hadi sekondari, wakati kwetu bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Kinachokosekana ni viatu, sare, madaftari na unga wa nshima, ugali wa kule. Vinunuliwe kulekule kwa kwacha, mlezi akichagua, na agawe yeye mwenyewe siku mtakayokuwa mmeshaondoka. Mweka hazina abakize fungu la miezi inayofuata, na mtu mmoja tu wa kikundi awe na namba ya simu ya mlezi.