Kupima jinsi kiyeyushi kinavyobadilisha mng'ao wa Nile Red

Katika heksani, rangi ya Nile Red ikimulikwa hung'aa kijani-njano, kilele cha mwanga wake kikiwa karibu na nanomita 530. Katika asetoni hufika kama 610, na katika ethanoli 630 na ushei, nyekundu kabisa. Molekuli ikifyonza mwanga, chaji zake husogea na dipoli yake (mtengano wa chaji chanya na hasi) hukua. Kiyeyushi chenye upolari, yaani ambacho molekuli zake zina upande chanya na upande hasi, huigeukia na kuituliza kabla haijang'aa, hivyo mwanga hutoka na nishati pungufu.

Yeyusha miligramu 3.2 za rangi katika mililita 10 za asetoni upate myeyusho wa akiba wa milimola 1 kwa lita. Tia mikrolita 10 katika kila chupa ya kioo, kausha asetoni kwa mkondo wa naitrojeni ndani ya kabati la kufyonza mvuke, mbali na moto, ndipo uongeze mililita 10 za kiyeyushi. Usiruke ukaushaji: asetoni ikibaki ndani ya heksani hukusanyika kando ya rangi, na kilele husogea kuelekea wekundu.

Ufyonzaji kwenye wimbi la kuchochea usizidi 0.1. Ukizidi, myeyusho humeza mwanga wake wenyewe upande wa mawimbi mafupi, na kilele huonekana kimehama ilhali hakikuhama. Tumia kuveti (vichupa vya kupimia mwanga) za kwatsi. Za plastiki ya polistireni huharibiwa na asetoni na tolueni.

Chochea kwa nanomita 485, soma kuanzia 500 hadi 750. Pima pia kila kiyeyushi kitupu. Katika ethanoli utaona kilima kidogo karibu na 564: hiyo ni Raman, yaani mwanga wa kuchochea uliotawanywa na kiyeyushi chenyewe, si rangi. Ukiwa na shaka, chochea kwa 475. Raman itahamia karibu na 550, kilele cha rangi kitabaki palepale.

Maji yaache. Rangi haiyeyuki vizuri humo, hujikusanya na karibu kuzimika, kwa hiyo namba utakayopata haisemi lolote la maana kuhusu upolari.

Geuza vilele kuwa namba ya mawimbi (10,000,000 gawanya kwa nanomita) kabla ya kuvilinganisha, kwa kuwa nanomita haziendi sambamba na nishati. Kisha tazama asetoni na ethanoli kwa makini. Kwa kipimo cha Lippert-Mataga, namba inayoeleza upolari wa kiyeyushi, zinakaribiana mno, 0.284 na 0.289, lakini vilele vinaachana kwa zaidi ya nanomita 20. Tofauti hiyo inatokana zaidi na vifungo vya haidrojeni vya ethanoli. Ukichora vilele dhidi ya kipimo hicho na kupitisha mstari mmoja kwenye vyote viwili, utakuwa umeficha jambo lenyewe ulilolitafuta. Chora alkoholi peke yake.