Uzi wa chini: ninavyoishi na uchovu sugu

Kila fundi cherehani anaijua tabia ya bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini wa mashine. Uzi wa juu unauona, wa chini huuoni. Ukiisha, mashine inaendelea kupiga tu. Ukigeuza kitambaa unakuta matundu matupu. Mwili wangu uko hivyo tangu 2021, nilipougua homa siku kumi hapa Ngamiani, Tanga. Homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Wifi akasema nimerogwa. Jirani akauliza kama nina mimba.

Anza hospitali. Uchovu unaweza kutokana na upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, VVU au sonona, na hayo yana tiba. Huu ugonjwa wenyewe wa uchovu sugu hauna kipimo. Daktari anauangalia kwa dalili: miezi sita au zaidi huwezi shughuli zako za kawaida, unalala lakini unaamka umechoka vilevile, kichwa kinakuwa kizito hata hesabu ndogo inakushinda, au kizunguzungu ukisimama. Kubwa kuliko zote ni kuzidiwa baada ya kujituma.

Hapo ndipo nilipopotea mwaka mzima, kwa sababu kuzidiwa kunachelewa. Jumamosi moja nilishona sare za harusi hadi usiku. Jumapili nilikuwa mzima, nikafua na mapazia. Jumatatu nikashindwa kuinua mikono kumsuka mwanangu, nikalala hadi Alhamisi. Nikalaumu chakula cha Jumapili! Kumbe ni zile sare.

Kwa hiyo chukua daftari. Wiki mbili andika ulichofanya na ulivyoamka. Ukizidiwa, usitazame ya leo, rudi nyuma siku moja au mbili. Kuongea sana, kelele na ugomvi navyo viandike, maana vinakula uzi.

Ukishajua kiwango chako, baki chini yake. Mimi nashona dakika ishirini, najilaza kumi, simu mbali, hata kama sijachoka. Hasa kama sijachoka. Siku nzuri ndiyo inayoniponza, maana natamani kumaliza viporo vyote. Vitunguu namenya nimekaa kwenye kigoda, naoga nimekaa, ndoo anabeba mwanangu. Chapati nanunua. Mama mkwe alinuna, sasa naye anakula.

Kuna watakaokuambia ukimbie asubuhi, mwili uchangamke. Zamani hata madaktari waliagiza mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliacha kuyapendekeza kwa ugonjwa huu, kwani wagonjwa wengi walieleza kuwa yaliwazidishia. Mimi nilijaribu siku tatu, zikanigharimu wiki.

Kizunguzungu: inuka kwa hatua, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Wapo wanaosaidiwa na maji mengi na chumvi, lakini kama una presha usiguse chumvi kabla ya kumuuliza daktari.

Fedha ndiyo ngumu. Oda zimepungua nusu, na sijapata dawa ya hilo. Mteja wa gauni la Idi namwambia alete kitambaa mwezi mzima kabla. Wawili wamehamia kwa fundi mwingine. Waliobaki wameshazoea kunikuta nimejilaza mkekani, futi shingoni.