Trafiki kapiga mkono? Tuliza mdomo kwanza

Nina shemeji yangu mmoja mtu mzuri sana ila ukimpakia siti ya mbele halafu trafiki akapiga mkono, umeisha. Tunatoka Dar kwenda Morogoro, nikasimamishwa kwa kosa la kweli kabisa, nilipita kwenye 50 na spidi 64, na moyoni nimeshakubali kwamba elfu 30 ndo imeondoka hiyo. Yeye akachomoza kichwa dirishani, "afande unajua unaongea na nani?" Afande hakujua na wala hakuwa na hamu ya kujua, akaomba tushuke akaanza kulizunguka gari taratibuuu. Tuliondoka pale na makosa matatu, spidi, tairi la nyuma kipara, na mtungi wa kuzimia moto uliokwisha muda. 90,000. Mtungi wenyewe hata nilikuwa sijui kama unakwisha muda.

Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Ukipigwa mkono usifunge breki pale pale. Angalia kioo, weka indiketa ya kushoto, punguza, toka nje ya lami kabisa, maana nyuma yako kuna basi la mkoani na lenyewe halina mpango wa kukusubiri. Hendibreki, hazadi, zima redio, shusha kioo chako. Kama ni usiku washa na taa ya ndani aone mko wangapi, mikono yako iwe juu ya steringi. Na mkanda usiuvue kabla hajafika, kuna watu wanafungua mkanda ili watoe leseni, afande akifika anakuta dereva hana mkanda, sasa hapo utamwambia nini akuelewe?

Halafu usishuke. Wapo wenye tabia ya kuruka nje na leseni mkononi wanamfuata afande mpaka nyuma ya gari lake, labda anaona ndo heshima. Kaa ndani, aje yeye. Maongezi ya nyuma ya gari ndo yanayozaa "sasa tunafanyaje", wakati ukiwa kwenye siti yako na abiria wanasikia kila mtu anakuwa mnyoofu. Akikuambia shuka, hapo shuka, funga mlango, usibishane.

Salamu ni "habari za kazi afande", inatosha. Kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, ila shikamoo kwa kijana wa rika lako inanuka uoga, na yeye anaisikia hiyo harufu. Akiomba leseni mwambie kwanza iko wapi, "ipo kwenye droo, naitoa", ndo upeleke mkono. Bima siku hizi wanaweza kuiangalia kwenye simu kwa namba ya gari, kwa hiyo zile hadithi za "stika nimeiacha nyumbani" hazina maisha tena. Triango mbili na mtungi viwe sehemu unayoweza kuvitoa bila kushusha mizigo ya buti yote na kuku wa mama mkwe juu yake.

Sasa kosa. Uliza kwa upole, "afande nimekosea wapi?" halafu NYAMAZA umsikilize mpaka amalize. Hapa ndo wengi tunaharibu, mtu hajatajiwa kosa ameshaanza kujitetea, "nilikuwa naliovateki lile lori tu", kumbe afande alikuwa anataka kukuambia taa moja ya breki haiwaki. Umejiongezea kosa kwa mdomo wako mwenyewe.

Kwenye tochi (ile kamera ya kupima spidi) omba kuiona picha. Mara nyingi mwenye tochi yuko nyuma huko kwenye kichaka, anayekusimamisha yuko mbele na picha amerushiwa kwenye simu, kwa hiyo usishangae hana kifaa mkononi. Angalia namba ya gari, spidi, na muda. Namba iangalie herufi kwa herufi, IST za silva nchi hii zimejaa kama dagaa, inawezekana kabisa ikawa ya mwenzako. Ikiwa ni yako basi mazungumzo yameisha, hakuna cha "nina mgonjwa" wala "mimi ni mwalimu".

Na kama hukubali kosa sema hukubali, kwa sauti ile ile uliyosalimia nayo. Faini ya papo kwa papo ni ya mtu aliyekubali, asiyekubali suala lake linaenda mahakamani na hiyo ni haki yako, japo pima mwenyewe siku utakazopoteza. Mimi kwa kosa ambalo sikulifanya ningeenda. Kwa 64 kwenye 50, hapana.

Ukishaandikiwa unapewa kontrol namba, ile ndefu inayoanza na 99, unalipa kwa simu kwenye malipo ya serikali au benki. Gari ni elfu 30 kwa kila kosa, bodaboda na bajaji walipunguziwa ikawa elfu 10 (vijana wa boda, helmeti kichwani jamani, sio kwenye mkono kama kikapu). Pesa taslimu haitoki mfukoni kwako kwenda kwa afande, hata akikuambia atakulipia yeye baadaye.

Ukisikia "sasa utatuachaje?" jibu ni moja tu, "afande naomba uniandikie". Usitabasamu kimtego, usimhubirie, usimchomekee kamera usoni. Sheria ya rushwa inambana mtoaji sawa na mpokeaji, kwa hiyo elfu 5 ya soda inaweza kukupeleka mbali kuliko elfu 30. Soma jina kifuani na namba yake (ya askari wa kike inaanza na WP), ondoka, ndo upige TAKUKURU 113, ni bure.

Usiku sehemu ya giza, mtu hana yunifomu wala riflekta wala gari la polisi halionekani, hiyo ishu nyingine. Washa hazadi, endesha pole pole, usikimbie, simama kwenye sheli au penye watu na upige 112. Ukifika pale akawa kweli askari, mweleze kwa nini hukusimama kule.

Abiria sasa. Waambie kabla hamjaondoka, tukisimamishwa anaongea dereva peke yake. Na jioni ya kabla ya safari ingiza namba ya gari kwenye TMS, ule mfumo wa polisi wa faini mtandaoni, uone kama kuna deni, hasa kama gari umelinunua mkononi, maana deni la mwenye gari wa zamani linakaa kwenye namba na utakayeulizwa ni wewe.

Shemeji bado tunasafiri naye. Anakaa nyuma, katikati, na dirisha lipo mbali.