Elektroskopu ya chupa ya jemu

Elektroskopu ni kifaa cha kuonyesha kama kitu kina chaji ya umeme. Nafundisha Fizikia hapa Kirumba, karibu na ziwa, na kinachonisumbua kuliko vyote nikiitengeneza ni unyevu. Kwa hiyo osha chupa ya jemu, ianike juani mpaka ikauke kabisa. Chaji huvuja upesi kwenye kitu chenye unyevu. Mimi husubiri Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha.

Toboa mfuniko wa plastiki (wa bati haufai, unapitisha umeme), penyeza waya mnene wa shaba uliomenywa, ncha ya chini uikunje kama ndoana. Ning'iniza vipande viwili vya foili nyembamba, kila kimoja sentimita 4 kwa nusu sentimita, vikigusana. Juu ya waya viringisha kidonge cha foili.

Sugua kipande cha bomba la PVC kwa sweta la sufu, ukisogeze karibu na kidonge bila kugusa. Chaji hasi ya bomba inasukuma elektroni za waya (chembe ndogo zenye chaji hasi) zishuke. Vipande vyote viwili vinakuwa hasi, vinakimbiana. Ondoa bomba, vinarudi.

Utamu uko hapa. Bomba likiwa karibu, gusa kidonge kwa kidole: elektroni zinakimbilia mwilini mwako, vipande vinajifunga. Toa kidole kwanza, ndipo bomba. Wanafunzi wangu wengi hugeuza mpangilio huu, chaji yote ikapotea. Ukifuata sawasawa, vipande vinabaki wazi vikiwa na chaji chanya. Sasa leta kitu usichokijua: vikitanuka zaidi, nacho ni chanya. Vikikaribiana usikimbilie kusema ni hasi, maana hata kiganja kisicho na chaji huvifanya vikaribiane.