Somo: Kitenzi verto – kwanza tafuta kinachogeuzwa

Habari zenu wanadarasa. Leo tuko na verto, kitenzi cha Kilatini chenye maana ya "kugeuza", ambacho kamusi imekirundikia maana hadi mtu anafunga kitabu.

Hatua ya 1. Kariri maumbo yake makuu manne: verto (nageuza), vertere (kugeuza), verti (niligeuza), versum. Shina la wakati uliopo na uliopita ni moja, vert-, kwa hiyo vertit ni "anageuza" na pia "aligeuza". Sentensi za jirani ndizo zitakazokuamulia.

Hatua ya 2. Kamusi iache kwanza, tafuta yambwa, yaani kinachogeuzwa. Ukikuta terga, yaani migongo, watu wanakimbia vita. Kaisari anaandika: omnes hostes terga verterunt, maadui wote wakatimua mbio. Terram vertere ni kulima. Solum nayo ni ardhi, lakini solum vertere ni kuhama nchi kwenda uhamishoni, na hapo ndipo wengi huteleza. Ninayoipenda mimi ni stilum vertere. Kalamu ya Warumi ilikuwa na ncha ya kuchorea herufi kwenye nta, na upande wa pili bapa wa kusawazishia. Mshairi wao Horatius akikuambia uigeuze mara nyingi, anataka ufute uandike upya.

Pia kugeuza ni kutafsiri. Plautus, mwandishi wa Kirumi aliyechukua tamthilia za Kigiriki, anajisema vortit barbare: "ameigeuza kishenzi". Anatania, maana kwa Mgiriki hata Kilatini kilikuwa lugha ya washenzi.

Hatua ya 3. Hakuna yambwa? Tazama kama kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Mara nyingi hiyo ndiyo "geuka" yetu.

MASWALI

– Mwalimu, Juma Kuu huimbwa Jerusalem, convertere ad Dominum Deum tuum. Convertere si "kugeuza"?
Inafanana tu. Hapo ni amri katika kauli ya kutendwa: "geuka, umrudie Bwana Mungu wako". Hatua ya 3 hiyo.

– Vortit ni kosa la chapa?
Hapana, ni tahajia ya kale.

– Na versus, mstari wa shairi, umo humu?
Umo. Neno hilo lilitaja pia mfuo wa plau: ukifika mwisho wa shamba, unageuza ng'ombe, unaanza mwingine.

– Nimekutana na verti peke yake, nitafsirije?
"Niligeuza" au "kugeuzwa". Tuma sentensi nzima.