Unamuuguza mzazi nyumbani? Anza na mgongo wako

Mama alipopata kiharusi, ndugu walijaa nyumbani kwetu Tandika wiki mbili nzima. Walipoondoka tukabaki mimi na yeye. Mwezi wa tatu nikamshika kwapani nimnyanyue aketi, mgongo ukanikamata palepale. Nikalala sakafuni, yeye kitandani, wagonjwa wawili hakuna wa kumpa mwenzake maji. Jirani alitukuta saa kumi jioni, mama anacheka hadi machozi.

Mimi si nesi, nauza chapati. Lakini tangu siku ile sinyanyui mtu kwa mikono.

Tandika shuka gumu, limekunjwa mara mbili, chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi kupita makalio. (Kanga kuukuu itachanika, nimeshajaribu.) Akiteleza kuelekea miguuni, mmoja akae huku, mwingine kule, mviringishe pindo la shuka hadi ngumi zenu ziwe karibu na mwili wake. Kunjeni magoti, mgongo unyooke, moja, mbili, tatu, mvuteni juu. Ukiwa peke yako usimpandishe, subiri mtu. Kumgeuza unaweza: kunja goti lake la upande wa mbali, mkono wake uweke kifuani, shika bega na nyonga, mlete kwako taratibu. Mkono uliopooza usiuvute kamwe, bega linaweza kuchomoka. Na asikushike shingoni, hata akikuomba.

Kitanda nimekiinua kwa matofali manne, kila mguu na lake, nahakikisha hakichezi. Siinami tena. Ila mama hasimami kabisa. Kama wako anasimama, acha kitanda kilivyo, miguu yake ifike chini.

Sasa usingizi. Kliniki waliniambia nimgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Hesabu mwenyewe: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kwa mwezi mmoja utaanza kuunguza chapati, mimi niliunguza. Mpwa wangu anakesha na simu yake kila siku, basi saa nne na saa sita ni zake. Mimi nalala baada ya isha hadi saa nane bila kuguswa.

Usiwaombe ndugu "msaada". Niliandika kwenye grupu la familia "jamani nimechoka", nikapata "pole dada" kumi na moja na mikono ya kuomba dua. Omba kazi yenye siku na saa. "Shangazi, Jumamosi saa tatu hadi saa saba njoo ukae na mama." Kaka yetu yuko Mwanza, hawezi kukaa naye, basi pampasi za mwezi ni zake, namtumia picha ya pakiti ya mwisho, anatuma hela kwa simu. Wa kukataa atakataa, ila safari hii kwa jina lake, na wote wanasoma.

Hasira zitakuja. Siku moja alimwaga uji niliotoka kumpikia, nikamfokea mama yangu mzazi kama mtoto wa jirani. Siku hizi nikihisi koo linakaza, namlaza ubavu, naangalia yuko salama, halafu natoka barazani nanawa uso. Dakika tano tu. Hajawahi kudhurika kwa hizo dakika tano.

Siku ya kliniki yake, kwenye dirisha la wazee hatukai sana, nami napima presha yangu hapohapo. Mara ya kwanza ilikuwa juu kuliko ya kwake.

Na hizo saa nne za Jumamosi usifue nguo. Mimi naenda kusukwa, nikirudi nanunua ubuyu njiani, maana kabla sijavua viatu mama ataulizia.