Jinsi ya kupangilia vidonge na mionzi kwa mgonjwa wa glioblastoma ukiwa nyumbani

Glioblastoma ni kansa ya ubongo yenye kasi mbaya, na upasuaji peke yake hautoshi maana chembe zake zinakuwa zimeshajipenyeza pembeni ambako kisu hakifiki. Ndo maana tangu utafiti wa Stupp na wenzake wa 2005 mgonjwa anapewa mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi. Waliopata vyote viwili asilimia 26.5 walikuwa hai baada ya miaka miwili, wa mionzi tu asilimia 10.4. Haiponyi, tusidanganyane, ila tofauti ipo, na sisi tunaouguza kazi yetu ni kulinda ratiba.

Mionzi kawaida ni mara 30 ndani ya wiki 6, Jumatatu mpaka Ijumaa. Vidonge sasa ni KILA SIKU, wikiendi pia, na hapa ndo watu wanapotea, wanaona Jumamosi hakuna mionzi basi na dawa wanaipumzisha. Mashine ikiharibika katikati usijiamulie, piga simu kliniki uulize vidonge viendelee au visimame.

Dozi inapigwa kwa urefu na uzito, miligramu 75 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mtu mwenye mita za mraba 1.6 anatoka na miligramu 120, na kapsuli ya 120 haipo, kwa hiyo utapewa ya 100 moja na ya 20 moja, pakiti mbili tofauti. Sasa fikiria dada anatoa 100 mbili kwa sababu "daktari alisema viwili". Andika kwenye daftari miligramu, siyo idadi ya vidonge, na anayetoa dawa awe mtu mmoja.

Mpe dawa ya kichefuchefu (wengi wanapewa ondansetroni) nusu saa mpaka lisaa kabla, halafu kapsuli tumbo likiwa tupu, nzima, na glasi ya maji. Usiifungue ukamwaga kwenye uji hata kama anameza kwa shida, mwambie daktari. Vaa glovu, mjamzito asiishike kabisa. Akitapika usirudie dozi siku hiyo.

Mionzi ikiisha kuna mapumziko kama wiki 4, halafu vidonge vinarudi siku 5 tu katika kila siku 28, kwa dozi kubwa, 150 na baadaye 200 kwa mita ya mraba, kawaida mizunguko 6. Usishtuke, siyo famasi imekosea.

FBP (kipimo cha damu kinachohesabu chembe zake) ni kila wiki kipindi cha mionzi, baadaye siku ya 22 ya mzunguko na kabla ya kuanza mwingine. Pleteleti (chembe za kugandisha damu) zikiwa chini ya laki moja mzunguko unasubiri, hata kama mgonjwa anajisikia fresh. Homa ya ini B ipimwe kabla ya yote, dawa hii inaweza kuiamsha. Septrini akiandikiwa ni ya kuzuia nimonia, usiiache ukidhani ni ya kikohozi tu. Deksa (deksamethasoni, ya kupunguza uvimbe kwenye ubongo) ni asubuhi baada ya kula, sukari ifuatiliwe, na isikatwe ghafla hata siku moja.

Kuhusu kuongeza dawa nyingine: Wajerumani 2019 walichanganya lomustini (dawa nyingine ya kansa) na temozolomidi wakapata matokeo mazuri, lakini ni wagonjwa 129 tu na wote wenye MGMT iliyozimwa (jeni inayoisaidia kansa kujirekebisha dawa ikiipiga), kwa hiyo ulizia hicho kipimo kwanza. Avastin (bevacizumab, dawa ya dripu) inapunguza uvimbe wa maji kichwani, ila tafiti za 2014 kwa wagonjwa wapya hazikuonyesha kwamba inarefusha maisha, na bei yake unaijua, kabla hujauza kiwanja muulize daktari inampa mgonjwa wako nini hasa. Mitishamba nayo itaje kwa daktari, ini ni moja.

Homa ya 38, fizi kutoa damu, degedege, au usingizi usioeleweka, nenda hospitali siku hiyohiyo na daftari mkononi, usingoje tarehe ya kliniki.